Kisa cha mpini uliopigwa msasa: tulivyokusanya kumbukumbu za mafundi meli wa mto Clyde

Kisa hiki nakiandika kwa ajili ya yeyote mwenye mpango wa kukusanya kumbukumbu za watu wa kazi za mikono, wawe mafundi jahazi, watu wa reli, watu wa mkonge, wowote wale. Kilitokea Glasgow, Uskoti, kwenye kikundi kidogo cha kujitolea ambacho na mimi nilikuwemo, tulikuwa tunaandaa maonyesho kuhusu ujenzi wa meli. Majina nimeyatoa yote, mtaa nimeuficha, na vitu vidogovidogo nimevibadilisha ili watu wasijulikane. Historia ya mto yenyewe sijaigusa.

## Mto wenyewe, na mimi nilivyojikuta humo

Clyde zamani ulikuwa mto wa kina kifupi, karibu na mjini kuna sehemu mtu alikuwa anavuka kwa miguu maji yakipungua. Kuanzia miaka ya 1770 mhandisi mmoja, John Golborne, akaanza kujenga kuta fupi za mawe kutoka kingo zote mbili, mto ukabanwa, na ukishabanwa maji yenyewe yanakimbia kwa nguvu na kuchimba sakafu yake. Baadaye zikaja mashine za kuchota matope, miaka na miaka, hadi meli kubwa zikawa zinapita. Ndiyo maana watu wa pale wanasema Clyde iliijenga Glasgow na Glasgow ikaijenga Clyde. Mwaka 1812 meli ya mvuke Comet ilijengwa Port Glasgow, ikawa ya kwanza Ulaya kubeba abiria kibiashara na ikafanikiwa, na kufikia miaka ya kabla ya vita ya kwanza ya dunia karibu moja ya tano ya meli zote zilizokuwa zinajengwa duniani zilikuwa zinatoka kwenye mto huu mmoja. Meli kubwa ya abiria Queen Mary ilishuliwa Clydebank 1934, Queen Elizabeth 2 (QE2) ikafuata 1967 hapohapo.

Halafu ikaanguka. Mwaka 1971 kampuni ya Upper Clyde Shipbuilders iliishiwa pesa, serikali ikakataa kuibeba, na wafanyakazi badala ya kugoma wakafanya kinyume, wakaendelea kuingia kazini na kujenga meli wenyewe chini ya viongozi wao wa chama, mpaka serikali ikarudi na pesa mwaka uliofuata. Leo sehemu ya juu ya mto zimebaki yadi mbili tu kubwa, Govan na Scotstoun, zinajenga manowari, na ile nyingine iko chini kule Port Glasgow. Kwingine kote ni maghorofa, maegesho ya magari, na kreni moja moja iliyoachwa isimame kama kumbukumbu.

Mimi ni mtu wa Bukoba. Utotoni kwangu meli ilikuwa ni Victoria basi, mama alikuwa anapanda jioni na mizigo yake na asubuhi yuko Mwanza. Nimekuja Glasgow nafanya kazi ya kutunza wazee, siku moja mzee mmoja pale kazini akaniuliza natokea wapi, nikamwambia ziwa Victoria upande wa Tanzania, akanyamaza kidogo halafu akasema, "Tuliwatengenezea meli." Nilidhani amechanganyikiwa. Kumbe ni kweli tupu: MV Victoria ilitengenezwa na Yarrow pale Scotstoun, iliagizwa na shirika la reli na bandari la Afrika Mashariki, ikafungwa kwa bolti Glasgow, kila kipande kikaandikwa namba, ikafunguliwa yote, ikasafirishwa hadi Mombasa, ikapandishwa treni hadi Kisumu, ikaunganishwa upya pale na kuanza safari 1961. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 ikabaki Tanzania, na baada ya kusimama miaka kadhaa ikakarabatiwa Mwanza na kurudi majini 2020. Na haikuwa ya kwanza kupita njia hiyo, William Mackinnon nayo ilitengenezwa Paisley, jirani kabisa na Glasgow, ikaletwa vipandevipande na kuunganishwa Kisumu.

Ndivyo nilivyojiunga na kikundi.

## Wahusika

Watu ni watatu wa muhimu. Wa kwanza namwita Fundi, mzee wa zaidi ya miaka 80, alianza kazi akiwa kijana wa miaka 15 au 16 kama mwanafunzi wa kupanga mabamba ya chuma ya meli, na amefanya kazi kwenye hizi meli za vipande za kupelekwa maziwa ya mbali. Wa pili ni Bibi, mjane wa fundi aliyekuwa anafunga mabomba ya mvuke kwa asbesto, yale madini ya nyuzinyuzi ya kuzuia joto, kwenye yadi nyingine ambayo sitaitaja. Wa tatu ni Mzee wa Kisumu, ambaye ujana wake alifanya kazi gudini pale Kisumu meli zilipokuwa zinaunganishwa, yeye tulimpata baadaye kabisa na kwa shida. Na kikundi chetu, watu tisa, hakuna hata mmoja aliyewahi kushika nyundo ya yadi.

## Kilichotokea

Tulianza na mahojiano. Tukakodi chumba tulivu, tukaweka kamera, taa mbili, na karatasi ya maswali 30, tukamkalisha Fundi kwenye kiti. Swali la kwanza likawa la meli anayoikumbuka zaidi. Akataja Queen Mary, ambayo ilishuliwa kabla hajazaliwa. Tukamuuliza kuhusu maisha ya yadi, akasema ilikuwa kazi ngumu lakini tulikuwa kama ndugu. Tukamuuliza kuhusu 1971, akatueleza yaleyale ambayo kila mtu Glasgow ameshayaona kwenye televisheni. Dakika 20 maswali yote yameisha. Hakuna alichosema ambacho mtu mwingine yeyote wa mji ule asingeweza kukisema.

Wiki hiyohiyo Fundi alikuwa ametuletea sanduku lake la vifaa. Mle ndani mlikuwa na nyundo, patasi, tindo, chaki za aina tatu, na nyundo moja ndogo ya kugongea alama yenye mpini wa mti. Mwenzetu mmoja, mtu mwema na mchapakazi kuliko sisi wote, akavichukua nyumbani kwake ili avitengeneze vipendeze kwenye kabati la kioo. Akatoa kutu, akapaka mafuta, na ule mpini akaupiga msasa na kuupaka vanishi.

Fundi alipokuja kuviona alichukua ile nyundo, akaifumbata mkononi, akazungusha kidogo kama mtu anayetafuta kitu, akaiweka mezani taratibu. Akasema, "Hii si yangu tena." Alikuwa anatafuta kishimo. Kumbe kwenye ule mpini palikuwa na sehemu imelika, umbo la kidole gumba chake, miaka 40 ya kidole kimoja kukaa sehemu moja, na upande mwingine palikuwa na doa jeusi la grisi lililoingia kabisa ndani ya mti. Msasa ulikuwa umeondoa vyote viwili kwa saa moja.

Hapo mradi ulitaka kufa. Fundi hakugombana na mtu, alisema tu kwamba amechoka, na wiki tatu hakuja.

Nilienda kwake bila kamera, kumwomba radhi, kwa sababu nilikuwepo siku mwenzetu anachukua lile sanduku na nilinyamaza. Tukakaa, chai, habari za mvua. Kazini kwangu ukimwogesha mzee au kumvalisha lazima ujue mkono upi una nguvu na upi hauna, kwa hiyo macho yangu huwa yanaenda mikononi kwanza, nikaona mkono wake wa kushoto vidole viwili havinyooki. Nikamuuliza, ukiwa unagonga alama kwenye bamba, huu mkono wa kushoto ulikuwa unafanya nini?

Akanyanyuka kwenye kiti. Akachukua kijiko na kiko chake cha zamani, kijiko kikawa tindo, kiko kikawa nyundo, meza ikawa bamba, na akaongea saa mbili na nusu. Kwamba mkono wa kushoto ndio unaofanya kazi, wa kulia unapiga tu. Kwamba namba ya rangi nyeupe ni ya kusomea ukiwa mbali lakini huwezi kuiamini, maana bamba litakaa kwenye chumvi ya bahari na jua na kukwaruzwa na minyororo, kwa hiyo namba ileile inagongwa pia kwenye chuma, na inagongwa upande ambao utakuwa ndani ya meli, si nje. Kwamba walipokuwa wanafundishwa waliambiwa, mtu atakayeisoma hii namba hutamwona maisha yako yote na hataweza kukuuliza, kwa hiyo iandike vizuri. Alivyosema hivyo nilishikwa na kitu kooni, kwa sababu namjua mtu aliyeisoma ile namba, au nilikuwa namjua mtu wa aina hiyo, ni watu wa ziwani kwetu.

## Maamuzi tuliyofanya na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuyatupa yale maswali 30. Tukakubaliana hakuna mahojiano ya kiti tena. Tunamchukua mzee tunatembea naye, kwenye yale magudi makavu matatu ya Govan ambayo yalifungwa miaka ya 1980, au tunampa kitu ashike, na swali ni moja tu, mwili wako ulikuwa unafanya nini. Sababu yake ni hii: ukimuuliza mtu kuhusu meli atakupa hadithi ya meli, na hadithi za meli zimeshasimuliwa na watu wengi hadi zimekuwa laini. Ukimuuliza kuhusu kiwiko chake, hakuna aliyewahi kumuuliza, hana jibu la kukariri.

Kwa njia hii ndiyo tulijua jinsi kikosi cha ribiti, ile misumari minene ya chuma inayounganisha mabamba, kilivyofanya kazi hasa. Kijana anaipasha moto ribiti hadi inawaka, inarushwa, inadakwa, inatumbukizwa kwenye tundu, mmoja anaikandamiza kwa nyuma na wawili wanaigonga kwa zamu, na hao wawili mmoja anafaa awe wa mkono wa kushoto ili wasigongane, kwa hiyo mtu wa mashoto alikuwa mali. Na walikuwa wanalipwa kwa idadi ya ribiti. Masikio yao yaliishia hapo. Mwaka 1886 daktari wa Glasgow, Thomas Barr, aliwapima mafundi boila 100 na hakupata hata mmoja mwenye masikio mazima, na bado kwenye kizazi cha Fundi watu walikuwa wanaongea kwa ishara za vidole ndani ya kazi. Fundi na rafiki yake bado wanazitumia wakiwa baa, nimeona kwa macho yangu.

Uamuzi wa pili ulitugawa. Bibi alikuja siku ya kupanga mabango akakuta tumeandika vizuri sana kuhusu ufundi, na kuhusu vumbi la asbesto tumeweka kibango kidogo pembeni, mlangoni, kinaitwa afya. Akauliza kwa nini mume wake yuko mlangoni. Kikundi kilikuwa na hofu, wengine walisema tukiweka ugonjwa katikati familia zitaumia, wengine wakasema wafadhili hawatapenda. Bibi akatueleza kwamba mume wake alikuwa anarudi nyumbani ovaroli nyeupe kama mtu aliyetoka kusaga unga, watoto wanamkimbilia mlangoni, yeye Bibi anaikung'uta ile ovaroli uani kabla ya kuifua, kila Ijumaa. Saratani ya utando wa mapafu, ile inayoletwa na asbesto, inaweza kulala mwilini miaka 20, 30, hata 40, na sehemu za Clyde ni kati ya zilizoumizwa sana Uingereza nzima. Wake za mafundi nao wamekufa nayo na hawakuwahi kukanyaga yadi. Asbesto nyeupe Uingereza ilipigwa marufuku 1999 tu. Tukapiga kura, watano kwa wanne, vumbi likahamia katikati, kwenye meza moja na nyundo na chaki. Bibi akaomba pale iwekwe ovaroli iliyofuliwa na kukunjwa, hakuna kingine, na maneno yake ya ile Ijumaa.

Uamuzi wa tatu niliusukuma mimi. Bango la Victoria lilikuwa linasema imejengwa Clyde, nukta. Nikasema hapana, meli iliyofunguliwa vipande haijajengwa bado, imejengwa nusu. Wenzangu hawakupinga kwa ubaya, walisema tu hatuna mtu wa upande wa pili. Nikaanza kupiga simu. Jamaa wa Mwanza akanipa mtu wa Kisumu, huyo akanipa mwalimu mstaafu, mwalimu akanipa mjukuu wa Mzee. Miezi minne.

Siku tulipompata hewani nikasema shikamoo mzee, akacheka, "Marahaba. Hiyo shikamoo ni ya Mwanza hiyo, sisi huku tunasalimiana kwa mkono." Fundi amekaa pembeni yangu, mimi natafsiri. Nilikuwa nimejiandaa kwa salamu ndefu na maneno ya heshima, lakini Mzee wa Kisumu alikuwa na swali lake ambalo inaonekana lilikuwa limemkaa muda mrefu. Akasema mwambie huyo mzee, kwa nini matundu yenu yalikuwa madogo? Kila tundu ilibidi tulipanue kwa mkono, mchana kutwa, sisi tulisema hawa Wazungu wamekosea vipimo.

Nikatafsiri. Fundi akapiga paja lake. Hawakukosea. Matundu yalitobolewa madogo makusudi, kule Glasgow ni bolti za muda tu zinaingia, ili meli ikifika na mabamba yakishapangwa vizuri mahali pake pa mwisho, ndipo tundu lipanuliwe kupita mabamba yote mawili kwa pamoja, likae sawasawa, ndipo ribiti iingie. Ungetoboa kamili Glasgow, safari ikayumbisha chuma kidogo tu, matundu yasingelingana. Mzee wa Kisumu alikaa kimya, halafu akasema, "Sasa mbona hamkuandika?" Na Fundi alipotafsiriwa hilo, hakuwa na jibu. Aliinamisha kichwa, akasema, ni kweli, tuliandika namba tu.

## Matokeo

Maonyesho yalifunguliwa, yalikaa miezi mitatu kwenye ukumbi wa mtaa. Mazungumzo ya wale wazee wawili ndiyo yaliyosikilizwa kuliko kitu kingine chochote, watu walikuwa wanasimama na vipokea sauti hadi mwisho. Pale kwenye ovaroli ya Bibi watu walikuwa wanakaa kimya, na familia kadhaa zikatuuliza pa kwenda kupima au kudai haki, tukawaelekeza kwa vikundi vya msaada wa waathirika wa asbesto ambavyo mji ule vimekuwepo muda mrefu. Hakuna mfadhili aliyelalamika.

Ule mpini uliwekwa kama ulivyo, na vanishi yake. Fundi aliandika kibandiko kwa mkono wake, kinasema nyundo hii ilitumika miaka 40, kishimo cha kidole gumba kiliondolewa kwa msasa mwaka jana.

Upande wa Kisumu haukwenda vizuri kama unavyosikika. Tulirekodi dakika 40, mtandao ukakatika mara tano, na kwenye maonyesho tukatumia dakika sita. Fomu ya ridhaa tuliyomtumia ilikuwa ya Kiingereza cha kisheria kurasa tatu, mjukuu akaisaini kwa niaba yake, na mimi niliyekuwa naijua lugha sikukaa chini kuitafsiri. Na rekodi yenyewe hatukuwatumia. Ilikaa kwenye kompyuta Glasgow miezi saba, mpaka mjukuu akaniandikia kwa upole kabisa akiuliza kama kaka ile sauti ya babu bado ipo.

## Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ya kila kitu ni kubadilisha swali. Nimelijaribu tena baadaye kwa wazee wengine, seremala, mwendesha kreni, mama aliyekuwa anachora ramani za meli kwa wino, na kila mara mlango unafungukia mwilini. Sema kuna sharti, muulizaji awe tayari kukaa muda mrefu na asimkatize mtu akianza kuonyesha kwa mikono, na kamera iwe inaangalia mikono, si uso. Kwenye rekodi zetu za kwanza mikono haionekani kabisa, tulikata fremu kifuani kama taarifa ya habari.

Kosa la msasa wengi wanalichukua kama kosa la mtu mmoja na mimi napinga hilo. Lilikuwa la kikundi kizima kwa sababu hatukuwa tumekubaliana nini hasa tunatunza. Kama unatunza nyundo, kutu ni uchafu. Kama unatunza kazi, kutu na grisi na kishimo ndivyo vitu vyenyewe, na nyundo ni kibebeo tu. Fundi jahazi yeyote wa Lamu angekwambia hivyo, anajua chombo kimepita wapi kwa kuangalia kalafati yake, zile pamba zilizozibia mianya ya mbao. Tulipaswa kumuuliza mwenye sanduku swali moja kabla ya kugusa chochote: hapa nini kisiguswe. Sasa hivi ndiyo kanuni ya kwanza ya kikundi, kifaa hakisafishwi mpaka mwenyewe ameshakishika mbele ya kamera na kusema kila alama imetoka wapi.

Kuhusu vumbi, kura ya watano kwa wanne inanisumbua mpaka leo. Tulikuwa karibu sana kukosea, na aliyetuokoa ni mtu ambaye hatukuwa tumemwalika kwenye kikao, alipita tu kuleta picha. Bibi alipaswa kuwa mezani tangu mwanzo, sawasawa na Fundi. Kazi ya yadi ilikuwa inaingia nyumbani kwake kila siku na yeye alikuwa anaifua kwa mikono yake, kwa hiyo alikuwa mfanyakazi wa mto ule kama mwingine yeyote, tena bila malipo.

Na Kisumu. Hapa nasema mimi ndiye niliyefeli zaidi, kwa sababu nilipigania sauti ya Mzee iingie kwenye maonyesho, ikishaingia nikaona nimemaliza. Ukweli ni kwamba tulifanya kilekile tulichokuwa tunakilalamikia, tulichukua kipande Kisumu tukakiunganishia Glasgow na wenye kipande hawakubaki na kitu. Kama ningeanza upya, nakala ingetumwa siku ileile ya kurekodi kabla hata sisi hatujaisikiliza, ridhaa ingeombwa kwa mdomo kwa Kiswahili au Kijaluo na kurekodiwa hivyohivyo, na tungewauliza wenyewe wanataka iwekwe wapi pale kwao.

Rekodi nilituma hatimaye, nzima, dakika 40 zote na pale mtandao unapokatika. Mjukuu akaniomba niikate vipande vya dakika tatutatu kwa sababu familia imetawanyika, wengine Nairobi, shangazi mmoja yuko Doha, na wanarushiana kwa simu. Nikaikata vipande 14, na kila kimoja nikakipa namba. Na safari hii kwenye ujumbe nikaandika pia maelezo, kipi kinatangulia, kipi kinafuata, na kile cha tisa ndicho cha matundu.